Dawa ile ile, mafundi tofauti: nimefukiza ghala mara mbili msimu mmoja

Kampuni ya kwanza nyota moja. Kampuni ya pili nyota nne, na ile ya tano nitaeleza ilikwama wapi. Majina siyataji. Ukiajiri watu wa kupiga gesi ghalani, jina lao halitakusaidia kama yatakavyokusaidia maswali ambayo mimi sikuyauliza mara ya kwanza.

Natunza ghala la mahindi, huu ni mwaka wangu wa 11. Msimu huu yaliingia magunia 1,200 ya kilo 100, yakapangwa malundo manne juu ya chaga. Makuli wananiita Mama Ghala, na wapo wanaosema eti naongea na magunia. Si kweli, nayasikiliza. Asubuhi kabla kazi haijaanza, ukiweka sikio kwenye gunia lenye wadudu unasikia mchakacho mdogo, kama karatasi inayokunjwa polepole chumba cha pili. Hao ni funza wanaokula ndani ya punje.

Wapya katika kazi hii husubiri kuwaona. Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, akataga yai moja ndani ya tundu, kisha akaliziba kwa ute unaokauka usiuone. Funza akianguliwa anakula humo humo, analala humo humo mpaka aote mbawa, na kwenye joto hayo yote huchukua kama wiki tano. Siku akitoboa tundu la kutokea ndipo watu wanapiga kelele kwamba wadudu wameingia ghalani. Wameingia! Wengi wao walikuja na gunia kutoka shambani, tukawabeba begani na kuwapandisha juu ya chaga kwa heshima zote.

Lundo la tatu ndilo lililonishtua. Kulikuwa na unga mwembamba mweupe kwenye miguu ya magunia, na nilipoingiza mkono hadi kwenye kiwiko nikakuta joto ambalo halikuwa la hewa ya siku ile. Wadudu wakijaa wanapumua, wakipumua wanatoa joto na unyevu, na joto lile linawafanya wazaliane zaidi. Nikachukua bambo, ule mrija wenye ncha kali wa kuchomekea gunia na kuchotea nafaka, nikatoa sampuli magunia kumi, nikachekecha kilo moja juu ya karatasi nyeupe. Fukusi hai 14. Dumuzi watatu. Na mende wekundu wa unga sikuhesabu, maana hao ni wafuasi tu: punje nzima inawashinda, wanakuja kula vumbi na vipande walivyoacha wenzao. Waliokuwa wananiumiza kichwa ni dumuzi watatu. Fukusi anatafuna, dumuzi anasaga. Asili yake ni Amerika ya Kati, na kila alikosafirishwa na nafaka amewafundisha watu kuogopa mdudu mwenye urefu wa milimita nne.

Mnunuzi alikuwa njiani, kwa hiyo nilikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyonipeleka kwa kampuni ya kwanza. Walisema wanaweza kuja kesho yake, kazi ya siku tatu, bei nafuu kuliko wote niliowapigia simu. Hawakuuliza hata swali moja. Wakati ule niliona huo ndio ufanisi.

Walikuja vijana wawili na pikipiki. Walikuwa na mirija ya vidonge, vidonge 30 kila mrija, na maturubai ya kufunikia malori. Yale ya kitambaa. Mengine yalikuwa na viraka, na moja lilikuwa na tundu ambalo ningeweza kupitisha ngumi. Nilipolionyesha, kijana akaniambia, "Mama usijali, gesi ni nzito, inashuka chini." Nikakubali, kwa sababu alisema kwa kujiamini. Leo najua fosfini, gesi inayotoka kwenye vidonge vile, inakaribiana uzito na hewa, inasambaa pande zote na kutafuta kila upenyo, na kitambaa cha turubai la lori kwake ni chandarua.

Pembeni wakakandamiza kwa matofali, hapa tofali, pale tofali. Ukiinama ulikuwa unaona mwanga chini ya turubai. Vidonge 90 kwa kila lundo, vitatu kwa tani, na hilo walilipatia sawasawa, siwanyimi haki yao. Ila walivimimina kwa mafungu, kijana mmoja akafungua mrija karibu na uso wake akiwa amejifunga kitambaa cha mdomo tu. Nilimkemea kama mwanangu. Gesi ile haina dawa ya kuitibu ikishakuingia, na barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Watu wamekufa kwa kulala tu chumba kilichopakana na nafaka iliyotiwa vidonge. Mlangoni hawakubandika onyo lolote. Mimi ndiye niliyeandika kwa chaki: HATARI, GESI, USIINGIE.

Siku ya tatu wakafunua. Sakafuni kulikuwa na wadudu waliokufa wengi mno, makuli wakafagia beseni zima, na kila mtu akafurahi. Nikapewa karatasi yenye muhuri. Nikalipa.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kitu kimoja cha maana katika kazi yote ile. Siku ile ya kufunua nilichota kilo moja katikati ya kila lundo, nikatia kwenye chupa nne za kioo, nikafunga midomo kwa kitambaa kilichosukwa kwa kubanana na kukibana kwa mpira, nikaziweka mezani ofisini. Hakuna mdudu anayeweza kuingia mle. Akionekana, basi alikuwa ndani ya punje tangu mwanzo.

Siku ya 24 fukusi wa kwanza alikuwa anatembea kwenye kioo cha chupa ya tatu. Siku ya 40 chupa zote nne zilikuwa na wadudu, na malundo hali kadhalika. Mnunuzi alikuja, mkaguzi wake akachekecha kilo moja juu ya karatasi, akanitazama, akafunga begi lake. Lori likaondoka tupu.

Nikawapigia. Jibu lao: "Hao wameingia upya, mama, sisi wetu tuliwaua." Kuna ukweli ndani yake, na ndiyo maana kisingizio hiki ni kizuri sana: fosfini haiachi kinga yoyote. Ukishafunua na kupitisha hewa, mdudu akitua saa hiyo hiyo anaanza maisha. Nikawaambia habari ya chupa. Upande wa pili pakawa kimya, kisha nikaambiwa watarudi kwa nusu bei. Sikuwajibu mpaka leo.

Nikaanza kusoma na kuulizia kwa waliotangulia. Kidonge cha gramu 3 kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gramu 1 ya gesi, taratibu, kwa siku moja au mbili hivi, na kukiwa na baridi au ukavu huchelewa zaidi. Kwa hiyo katika siku tatu za wale vijana, gesi ilikuwa imejaa vizuri labda siku moja, kama ilijaa kabisa kwenye maturubai yale. Mdudu mzima na funza wanapumua kwa bidii, wanakufa mapema, hao ndio tuliofagia. Yai, na yule aliyelala akisubiri mbawa, wanapumua kidogo mno. Hao hawauawi kwa wingi wa gesi, wanauawa kwa siku. Kwenye joto la nyuzi 25 na kuendelea wataalamu wanasema siku tano kwa uchache, na wengi hupendelea saba. Baridi ikizidi, siku nazo zinaongezeka.

Mzee mmoja aliyetunza maghala kabla yangu alinieleza kwa nini wateja bado wanadai kazi ya siku moja. Enzi zake walitumia methili bromaidi, saa 24 unafunua, wote wamekufa. Gesi ile ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal matumizi yake ya kawaida yakaondolewa, nchi tajiri kufikia 2005 na nyingine kufikia 2015, ikabaki kwa mambo ya karantini na shehena zinazosafirishwa. Fosfini ikarithi kazi, lakini haikurithi kasi.

Lililonikera zaidi ni hili. Kila ufukizaji mbovu unaua wanyonge na kuwaacha wagumu wazae. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walipokagua wadudu wa maghalani wa nchi mbalimbali mwaka 1972 na 1973 walishakuta baadhi yao wanastahimili fosfini. Kwa hiyo wale vijana, licha ya kuchukua hela yangu, walinichagulia mbegu bora ya fukusi.

Kampuni ya pili ilidai karibu mara mbili ya bei ya kwanza. Nilipouliza kwa nini, fundi mkuu wao, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu, hakujibu habari ya bei. Aliniuliza: unyevu wa nafaka ni kiasi gani? Malundo yako mbali na ukuta kwa umbali gani? Nani analala karibu na ghala? Kuna vifaa gani vya umeme ndani? Nilijikuta nasimama wima.

Siku moja kabla ya kazi alikuja peke yake na kipima unyevu na bambo lake. Malundo matatu yalisoma kati ya asilimia 12 na 13. Lundo la tatu, lile lenye joto, lilifika 14 na ushee katikati, na akaniambia wazi kwamba gesi itaua wadudu lakini haitaniondolea ukungu, hayo magunia yafunguliwe yaanikwe baadaye. Kisha akafika lundo la nne, ambalo makuli walilisukuma hadi likaegemea ukuta. "Mama, hili halipigwi dawa likiwa hivi. Turubai litashukia wapi?" Nikamwomba, nikamwambia watu wangu wamechoka. Akakaa juu ya kigoda akanywa maji, akasubiri. Magunia 300 yakahamishwa mpaka ikapatikana nafasi ya mita moja pande zote. Makuli hawakunisalimia siku mbili.

Akaagiza pia mizani ya umeme itolewe, na feni, na simu ya mezani. Fosfini inakula shaba. Hapo nikakumbuka kwamba baada ya wale wa kwanza mizani yangu ilianza kusoma uongo, nami nikamlaumu panya.

Siku ya kazi walikuja watu watano. Maturubai yao yalikuwa ya plastiki nzito isiyopitisha gesi, na kabla ya kuyatandika waliyanyanyua juani moja moja wakayatazama kwa ndani, kila nuru ya tundu ikazibwa kwa tepu. Palipokutana turubai mbili hawakuzilaza moja juu ya nyingine tu: walizikunja pamoja, kunjo mbili tatu, wakabana kwa vibanio mstari mzima. Chini wakaweka nyoka wa mchanga. Ni mirija mirefu ya kitambaa iliyojazwa mchanga isifike kushiba, ili ilale na kufuata mabonde ya sakafu. Waliipanga safu mbili, ncha ya mmoja ikipanda juu ya mwenzake. Sakafu yangu ina ufa mrefu unaopita chini ya lundo la pili; waliuziba kwanza kwa saruji laini. Kazi hiyo ya kuziba ilichukua nusu siku. Kutia vidonge kulichukua dakika chache.

Na vidonge vilikuwa vile vile. Nilihesabu mwenyewe mirija: mitatu kwa lundo, vidonge 90. Tofauti ni kwamba walivitandaza kwenye sinia bapa, kila kimoja peke yake, kwa sababu vikirundikana hupata joto na hata kuwaka, na maji yakivigusa ndiyo balaa kabisa. Walivaa barakoa za uso mzima zenye chujio. Mlangoni likabandikwa onyo lenye fuvu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kufungua. Ufunguo akaondoka nao. Nikabaki mtunza ghala asiye na ufunguo wa ghala, na ofisi yangu inatumia mlango ule ule, kwa hiyo wiki nzima nilifanyia kazi chini ya mti.

Ila kitu kilichonifanya niandike haya ni mirija myembamba ya plastiki iliyotoka chini ya kila turubai hadi nje ya ukuta. Mitatu kwa lundo: chini, katikati, juu. Kila asubuhi kijana wao alikuja na kipima gesi, akafyonza hewa kutoka kila mrija, akaandika. Lundo la kwanza, mrija wa katikati: siku ya kwanza 310, siku ya tatu 780, siku ya saba 350. Ni sehemu kwa milioni. Walichotaka ni isishuke chini ya 200 kabla ya siku ya mwisho. Lundo la pili siku ya nne lilianza kuporomoka, chini likasoma 240. Wakavaa barakoa, wakaingia, wakakuta nyoka mmoja amesogezwa na panya au na nini, wakarudisha, na wakaniongezea siku moja kwa lundo lile bila kuongeza bei. Bila kipimo nani angejua? Wale wa kwanza wangefunua, wangefagia beseni la maiti, wangenipa muhuri.

Baada ya kufunua, milango na madirisha yalikaa wazi zaidi ya siku nzima, na hakuna aliyeruhusiwa ndani mpaka kipima kisome chini ya 0.3. Mabaki ya vidonge, ule unga wa kijivu, wakayakusanya na kuondoka nayo.

Sasa nyota ya tano. Kwanza, walichelewa siku mbili kuanza bila kupiga simu, na kwenye ghala lenye fukusi siku mbili si kitu kidogo. Pili, ripoti yao ya kurasa nne imeandikwa kwa vifupisho ambavyo nilihitaji kumpigia yule fundi mara mbili nielewe. Mteja wangu akiiona hatajua kama imenisifu au imenishtaki. Tatu, walichana magunia mawili kwa vibanio wakati wa kufunua wakasema "samahani" tu, mahindi yakiwa yanamwagika. Na mchanga wa wale nyoka wakanitoza kando. Mchanga!

Wapo watakaosema achana na gesi, nunua mifuko isiyopitisha hewa. Ninayo. Natunzia mbegu humo, na kwa mbegu siachi: wadudu wanamaliza oksijeni yao wenyewe, wanaacha kula, wanakufa, na hakuna sumu. Lakini nafaka lazima iwe imekauka hasa, na dumuzi anaweza kuutoboa mfuko kutoka ndani. Kwa magunia 1,200 yanayoingia na kutoka kila wiki sijaona jinsi. Mwenye magunia 20 asinisikilize mimi, anunue mifuko.

Na tafadhali, usisome haya ukaenda kununua vidonge ukajifanyie mwenyewe. Mrija mmoja ni rahisi kuupata kuliko inavyopaswa, na unaua nyumba nzima.

Chupa zangu nne mpya ziko mezani, zilizochotwa siku ya kufunua. Leo ni siku ya 61. Nimezitikisa kabla ya kuanza kuandika, nikamwaga kila moja juu ya karatasi, na ni punje tupu, pamoja na fukusi wawili wakavu wa zamani. Lakini juzi nimeona nondo wa nafaka anazunguka taa karibu na mlango. Nilimfuata kwa macho mpaka alipotua: juu ya magunia matupu aliyorudisha mteja, niliyoyapokea mwenyewe na kuyaweka ndani bila kuyakung'uta. Yametoka nje jana. Hilo siwezi kuwadai kampuni.